Kopo la Chumba cha Brashi

Tulikuwa na kuku kumi na mmoja kule Sagalla, kisha shangazi yangu akaachika akarudi nyumbani na kuku wake watano, wote wakawa wanalala banda moja. Mama hakupenda. Hakumchukia wifi yake, la, ila kila yai likiokotwa ilikuwa maneno: hili la nani. Mimi nilikuwa mdogo na nilijiona mwerevu. Nikachana kitambaa chekundu kutoka kwa leso kuukuu, nikamfunga mguuni tetea wa mama, yule mkubwa wa madoadoa, ili ajulikane. Nilikusudia kuwafunga wote lakini kitambaa hakikutosha. Kufikia saa sita wenzake walikuwa wamemdonoa mguu hadi mfupa ukaonekana. Na si wale wa shangazi walioanza, ni wale wetu, aliolala nao tangu wakiwa vifaranga. Mama alimchinja, tukamla, shangazi akapewa paja, na hakuna aliyenipiga. Jambo hilo linanishangaza mpaka leo kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa fimbo.

Binti yangu Wakesho ndiye aliyeniletea daftari hili. Anasema kuna mwalimu wa shule ya huku kwetu ameambiwa ana kifua kikuu, amejifungia ndani, hata mkewe anasema naye kupitia dirisha. Akaniambia, Baba, wewe ulipitia, mwandikie. Mimi shule niliacha darasa la tatu, na lenyewe nililihudhuria siku za mvua tu, jua likiwaka nilikuwa na mbuzi. Kwa hiyo, mwalimu, ukikuta makosa yaache yalivyo. Wala usiyapigie mstari mwekundu. Rangi hiyo mimi ilishanitosha.

Nilifanya kazi kwenye shamba la mkonge huku chini, upande wa Voi. Leo ukipita kwa barabara ya Mraru hutajua kulikuwa na nini. Mimi sikuwa mkataji, nilikuwa chumba cha brashi. Nikueleze. Jani la mkonge likishasagwa hubaki singa, nyuzi ndefu, zinaanikwa kwenye waya juani mpaka ziwe nyeupe kama ndevu za mzee. Zikikauka zinaletwa brashi. Hapo kuna mashine yenye meno inazunguka, unaishikia fungu la singa inalichana. Vumbi lake, mwalimu, ni kama unga wa sima uliopulizwa. Tulikuwa kama watu thelathini mle ndani, wanaume na wanawake, na madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari kwa sababu upepo wa Voi ukiingia singa zote zinaruka.

Kila mtu wa brashi alikohoa. Mgeni akianza kukohoa tulimcheka, tukamwambia sasa umeandikwa kazi. Tulitafuna sukari guru tukisema inaosha kifua. Mtu asiyekohoa ndiye tuliyemshuku kwamba anajificha chooni badala ya kufanya kazi.

Sasa kopo. Zamani za wazungu kulikuwa na mapipa mawili ya maji. Moja chini ya kivuli cha ofisi, la makarani na manyapara, lenye kikombe cha bati nyeupe. Jingine juani, letu, na hata hilo letu wanawake walikunywa mwisho, na watu wa kutoka mbali, Wanyasa na wengine, walingoja Wataita tumalize. Uhuru ulipokuja nikachaguliwa msemaji wa wafanyakazi, kwa sababu ya mdomo tu. Tukaitwa ofisini tuulizwe tunataka nini. Wenzangu walitaja mambo makubwa makubwa. Mimi nikasema nataka pipa moja na kopo moja, la nyapara na la mfagiaji, la mwanamke na la mwanamume, anayefika kwanza anywe kwanza. Walicheka. Lakini lilikuwa jambo rahisi, kwa hiyo wakatupatia hilo, yale makubwa wakayaacha.

Basi pipa likawekwa mlangoni mwa brashi na kopo likatundikwa kwenye msumari. Ukawa ndio mtindo wetu: unakunywa, unakung'uta matone, unampa aliye nyuma yako. Kulisuuza ilikuwa tusi. Ukilisuuza umesema aliyekunywa kabla yako ni mchafu, na watu walipigana ngumi kwa jambo hilo. Nilijivunia kopo lile kuliko nyumba yangu. Kilonzo, rafiki yangu Mkamba tuliyesimama naye mashine moja, alikuwa akinywa nyuma yangu kila siku na kuniambia, "Baba Wakesho, leo umekula kitunguu."

Damu ilitoka wakati wa vuli. Nilikuwa nimekonda tangu mavuno lakini tulisema ni vumbi. Jasho lilikuwa linanilowesha asubuhi kama niliyetoka mtoni, tukasema ni vumbi. Siku hiyo nikakohoa juu ya fungu la singa nyeupe, na singa nyeupe haifichi kitu. Kilonzo alilichukua lile fungu akaligeuza upande wa pili, akaendelea kuchana. Baadaye akanipeleka hospitali Voi mwenyewe, akiwa amenishika mkono kama bibi harusi.

Benchi la hospitali ile nalijua kuliko kitanda changu. Lilikuwa la mbao, limelainika kwa makalio ya watu, na mwisho wake kulikuwa na msumari uliochomoza, kwa hiyo mgeni ndiye aliyekaa kwenye msumari mpaka ajue. Unasonga, unasonga, unafika mlangoni, halafu daktari anaenda kula. Nilikaa pale siku tatu kabla sijaambiwa jina la ugonjwa. Walinipa kikopo chenye kifuniko niteme makohozi ndani. Naona maisha yangu ya miaka ile yalikuwa ya makopo.

Nikalazwa. Sindano sitini, moja kila siku, leo tako hili kesho lile. Matako yalivimba yakawa na vinundu kama viazi, nikalala kwa tumbo kama mtoto. Kufikia ya ishirini masikio yakaanza kuvuma. Mwanzoni nilidhani ni mashine ya brashi imenifuata. Kufikia ya arobaini nilikuwa nikisimama dunia inainama, natembea nikishika ukuta, na wageni wa wodini walisema mtu huyu hata hospitali amekuja na pombe. Sauti nyembamba zilikwenda kwanza. Ndege, watoto, maji yakichemka. Hazijarudi. Usiogope sana hapo, mwalimu, nasikia siku hizi dawa ni nyingine. Lakini nami sitakudanganya kwamba ugonjwa ule ulichukua kikohozi peke yake ukaondoka.

Yalikuwepo mambo madogo mazuri. Sista mmoja mnene aliyekuwa anaita namba za wagonjwa, mimi nilikuwa kumi na nne, yeye alisema, "Kumi na nne, Mzee Ngeti," akiniongezea jina langu kila mara, na uzee nisiokuwa nao. Na Mghoi mke wangu aliteremka mlima wa Sagalla kila siku ya pili na chupa ya uji wa mtama, akanikata kucha. Kukatwa kucha na mtu asiyekuogopa ni kitu kikubwa sana.

Lakini nyumbani, nilipotoka wodini, palikuwa na shida. Mghoi alikuwa ametenga sahani yangu, ile yenye ukingo wa buluu, na mama yangu akamwambia amenifanya mbwa. Hawakusemeshana mwaka mzima. Wakesho alifunzwa kunisalimia akiwa mlangoni, na akazoea, hata nilipopona alisimama mlangoni. Shemeji yangu alikuja kutoka Taveta na mkungu mzima wa ndizi, akauweka nje, akanipa habari za nyumbani kwa kelele kama mtu aliye ng'ambo ya Mto Lumi, kisha akaenda zake. Ndizi zilikuwa tamu. Nilizila nikilia.

Jambo jingine la wodini ni madirisha. Yalikuwa wazi usiku na mchana, hata mvua ikinyesha, wagonjwa tukinung'unika. Sista akasema yasifungwe, hewa ikizunguka ndipo hatuambukizani. Nilimsikia kwa shida, ikabidi arudie. Nikamwuliza, je, kopo? Akasema si kopo sana, mzee, ni kukohoa mahali pamefungwa.

Siku chache baadaye Bi Zaina akaletwa wodi ya wanawake. Alikuwa mama wa Taveta, Mwislamu, mpole, aliyekuwa akisimama mkono wangu wa kushoto pale brashi, na alikuwa akiniita mwanangu ingawa tulikaribiana umri. Nilimwona akipitishwa, leso imefunika mdomo. Alinipungia. Alifariki masika yakianza, kabla ya sindano yake ya thelathini. Na mwingine mmoja wa brashi akapatikana na ugonjwa, huyo akapona.

Nimekaa na jambo hilo miaka mingi. Siku ile ofisini wangeweza kunipa dirisha. Kung'oa misumari kungewagharimu nini? Mimi nikaomba kopo. Nilitaka tuwe sawa, tukawa sawa, thelathini tukivuta pumzi ya mtu mmoja mgonjwa, na hakuna aliyeikung'uta pumzi ya mwenzake kabla ya kuivuta.

Vidonge nilivimeza mwaka na nusu. Vuli moja, masika moja, vuli nyingine, masika mengine. Mwalimu, usiviache. Utajisikia mzima mwezi wa tatu na utaona hakuna haja. Mlaani anayekupa, lakini meza. Hilo ndilo neno pekee katika daftari hili nililo na hakika nalo.

Kabla sijavimaliza daktari akanipa barua: mtu huyu hawezi tena kumwambukiza mtu, anaweza kurudi kazini. Niliikunja nikaiweka ndani ya kofia. Unajua, wakati wote ule sikuota nyumba wala chakula. Niliota nimesimama kwenye foleni ya pipa, mbele yangu mtu, nyuma yangu Kilonzo. Nilitaka hicho tu. Nilisema nikipata hicho nimepona.

Nilirudi siku ya Jumatatu. Watu walinisalimia vizuri sana, na hapo ndipo nilipaswa kujua. Walinisalimia kwa kichwa, mikono ikiwa imejaa singa ghafla. Nyapara akaniambia nimepewa kazi nyepesi, nikae huko nje kwenye waya nifukuze mbuzi wasile singa. Mbuzi hawali singa. Nimechunga mbuzi, najua. Saa ya maji nikaenda pipani, nikakuta misumari miwili. Kwenye mmoja kopo letu la zamani. Kwenye wa pili kopo jipya, ukingo wake umepakwa rangi nyekundu.

Sikuuliza ni la nani.

Nililinywea siku nne. Siku ya tano nikaenda kwa Bwana Mwadime. Huyu alikuwa ofisa wa wafanyakazi, Mtaita mwenzetu wa kule Wundanyi, amesoma, kijana wa kanisa, na nataka nimsemee vizuri kwa sababu alikuwa mtu mwema. Yeye ndiye aliyewapa wanawake kazi ya mashine. Yeye ndiye aliyemwajiri mlinzi mwenye mguu mmoja wakati wengine walicheka kwamba mwizi atamshinda mbio. Nikamwekea barua mezani na kopo jekundu juu yake. Alisoma, akasimama, akaniandikia kwenye karatasi kwa sababu nilikuwa simsikii: HAPA HATUBAGUI MTU. Akalichukua lile kopo akalikanyaga kwa kiatu chake hata likawa bapa. Nilimpenda siku ile kama ndugu.

Ningejua alichokuwa anataka kufanya ningemzuia.

Jumamosi mashine zikasimamishwa mapema. Watu wote wa brashi wakaitwa pipani, wakapangwa mstari. Bwana Mwadime akasoma barua ya daktari kwa Kiswahili, kisha akahutubia. Sikusikia yote lakini mikono yake niliielewa: sisi sote, mmoja, ndugu. Kisha akanieleza kwa ishara na kwa kunisemea sikioni. Nitakunywa mimi kwanza. Kisha yeye. Kisha kila mtu, kwa zamu, kama zamani, na asiyetaka aseme mbele ya wote.

Nikatazama mstari. Mbele nyapara, kisha Mama Rehema mpanga singa, kisha Kilonzo, kisha wengine. Nikachota, nikanywa. Yalikuwa na ladha ile ile ya kutu. Nikakung'uta matone nikampa Bwana Mwadime.

Mtu akishakuwa kiziwi anatazama koo za watu. Ndiyo njia ya kujua wanasema. Bwana Mwadime aliliinua kopo, akaliinamisha, akakaa hivyo muda mzuri, akashusha, akafuta midomo. Koo lake halikusogea. Akatabasamu, akampa nyapara. Nyapara naye hivyo hivyo, ila yeye aliongeza kusema aah, kama aliyekata kiu. Mama Rehema alijitahidi zaidi, maji yake yalimiminika kidevuni yakalowesha leso, na hata tone moja halikupita midomo. Alikuwa amefumba macho. Naye alikuwa ameuosha mwili wa Bi Zaina, nisingeweza kumlaumu.

Nilikuwa nimesimama pale nikitabasamu. Mtu anafanya nini na uso wake wakati huo? Nilitabasamu.

Kopo likafika kwa Kilonzo. Alilishika kwa mikono miwili, akatazama ndani. Huyu ndiye aliyekaa kwenye kitanda changu wodini. Huyu ndiye aliyegeuza fungu lenye damu. Aliinua uso akanisemea mimi, si ofisa, tena kwa sauti kubwa na polepole ili nisikie kila neno.

"Baba Wakesho. Sinywi. Na sitajifanya nimekunywa."

Bwana Mwadime akamwambia kitu, nikaona mshipa wa shingo yake umesimama. Kilonzo hakumtazama.

"Nina kichanga wa wiki tatu nyumbani," akasema. "Na wa kwanza unajua alivyokufa."

Nilijua. Nilikuwa nimembeba kwenye sanduku, mimi na yeye, kabla sijaugua.

"Kunywa, Kilonzo," Bwana Mwadime akasema, na hilo nililisikia hata mimi. "Ama ukachukue vitu vyako ofisini."

Watu wote walikuwa wanatazama chini. Kilonzo akaanza kulileta kopo mdomoni, na najua si kwa woga wa kazi. Angekunywa kweli, yeye. Angekunywa yote, kwa sababu yangu, halafu angerudi nyumbani akakae nje ya mlango wa mtoto wake.

Nikalichukua kutoka mikononi mwake. Nikaenda pipani, nikachota, nikasuuza. Nikamwaga chini. Nikachota tena nikasuuza, nikiingiza vidole mpaka kwenye kona za ndani, nikamwaga. Mara tatu. Mbele ya watu wote wa brashi, mimi niliyeleta sheria ile, nilijisuuza mwenyewe. Maji yalikimbia kwenye vumbi yakifanya vitufe vidogo kabla hayajazama. Kisha nikachota ya nne, masafi, nikampa Kilonzo.

Akanywa. Koo lake lilisogea. Alikunywa huku ananitazama juu ya ukingo wa kopo, na macho yake yalikuwa mekundu, ila watu wa brashi wote macho yao ni mekundu.

Nikapokea kopo nikalitundika kwenye msumari wake. Aproni yangu ya gunia nikaivua nikaitundika kwenye ule msumari wa pili, uliokuwa mtupu. Nikatoka. Nilipita kwenye waya za kuanikia, singa pande zote mbili nyeupe kabisa, mbuzi hata mmoja hakuna. Nikapita getini kwa yule mlinzi wa mguu mmoja, akaniinulia mkono. Nikashika barabara, na dunia ilikuwa bado inainama kidogo upande wa kushoto, nikaifuata vivyo hivyo.

Kama kuna mtu aliniita nyuma, sikusikia. Sikurudi.